Fito za Ukuta na Fito za Maharage: Shajara ya Mradi wa Baa ya Kijiji, Herefordshire

Alhamisi, 9 Januari

Funguo tumekabidhiwa leo saa nne asubuhi, na kabla ya adhuhuri madirisha yote yaliyokubali kufunguka yalikuwa wazi. Nyumba imekaa miaka mitatu bila moto wala mtu, na harufu iliyotupokea ilikuwa ya unyevu, ya masizi yaliyopoa na ya bia ambayo mbao za sakafu zimeinywa kwa vizazi. Nimeamua kuandika shajara hii kuanzia siku ya kwanza kwa ajili ya ndugu na marafiki walioko Moshi, Nairobi na kwingineko, ambao kila mara huniuliza kwa nini mtu aliyetoka Marangu anatoa Jumamosi zake zote kwa ajili ya baa ya Waingereza.

Neno baa lenyewe halinitoshi. Kwetu baa ni viti vya plastiki, spika kubwa na watu waliokuja kutoka mbali ili wasionekane, ilhali nyumba hii inakaribiana zaidi na kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nilichokijua utotoni, ambapo kila mzee alikuwa na mahali pake pa kuketi, habari za msiba na za mavuno zilifika hapo kabla ya kufika kanisani, na asiyekunywa hakuulizwa kwa nini amekuja. Hata hivyo baa ndilo neno tulilo nalo, nami nitalitumia.

Iko magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales, katika nchi ya matufaha, mapeasi na hopsi, mmea ambao maua yake huipa bia uchungu. Ni nyumba ya fremu ya mwaloni ya karne ya 17, iliyounganishwa kwa vigingi vya mti, na maseremala waliochonga boriti zake walizitia alama za tarakimu za Kirumi kwa patasi ili kila boriti impate mwenzake siku ya kuisimamisha. Juu ya mlango wa jikoni alama hizo zinasomeka hadi leo: IIII kwenye nguzo, IIII kwenye boriti inayoingia humo. Imo katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, daraja la II, na kwa sheria ya mwaka 1990 kubadilisha chochote kinachogusa sifa yake ya kihistoria bila kibali, kiwe cha nje au cha ndani, ni kosa la jinai.

Namna tulivyoipata inafaa kuelezwa, kwa kuwa wengi hudhani tulipewa. Sheria ya mwaka 2011 inawaruhusu wanakijiji kuiomba halmashauri iandikishe jengo kuwa mali yenye thamani kwa jamii, na uandikishaji huo hudumu miaka mitano. Mwenye jengo akitaka kuliuza, jamii hupewa wiki sita za kusema kama inalitaka, na ikisema inalitaka, hupata miezi sita kwa jumla ya kutafuta fedha kabla ya jengo kuuzwa kwa mwingine, ingawa mwenyewe halazimiki kutuuzia sisi. Miezi hiyo sita tuliitumia kwenda nyumba kwa nyumba kuuza hisa za chama chetu cha ushirika, ambacho kanuni yake kuu ni kwamba kila mwanachama ana kura moja, awe amenunua hisa kidogo au nyingi. Kazi kama hii wenzetu wamekwisha kuifanya. Hesket Newmarket, kule Cumbria, wanakijiji waliinunua baa yao mwaka 2003 wakawa wa kwanza nchini kuimiliki kwa ushirika, na Hudswell, huko Yorkshire, waliikomboa ya kwao mwaka 2010 wakaitia ndani maktaba na duka, na nyuma wakagawa vishamba vya mboga. Mfano wa Hudswell ndio uliotupa moyo, hasa vile vishamba.

Jumamosi, 18 Januari

Jana usiku tulifanya jambo lililofanywa hapa kwa karne nyingi. Tarehe 17 Januari ni usiku wa Kumi na Mbili baada ya Krismasi kwa hesabu ya kalenda ya zamani, ile iliyoachwa mwaka 1752, na wakulima wa matufaha katika maeneo haya bado huuheshimu kwa kwenda bustanini na taa kuitakia miti afya. Watu wapatao sitini walisimama katika shamba la nyuma, kwenye magugu yaliyofika magotini, wakamwaga saida, yaani pombe ya matufaha, kwenye mizizi ya miti sita iliyobaki, na watoto wakatundika kwenye matawi vipande vya mkate wa kuchoma vilivyolowekwa katika saida hiyohiyo. Bibi yangu alikuwa akimwaga mbege chini ya mti kabla ya mtu yeyote kuonja, na sikuhitaji kuelezwa tulikuwa tunafanya nini.

Mwisho wa shamba upo mpeasi mkubwa wa aina ya Barland, ambao matunda yake ni makali kiasi kwamba wazee wa hapa husema hata nguruwe huyaacha, lakini yakisagwa na kukamuliwa hutoa peri, pombe ya mapeasi iliyolipa eneo hili jina. Mipeasi ya namna hii huishi miaka 200 hata 300. Huu wetu umeoza ndani ya shina, na upande wa magharibi umebaki mfupa mtupu. Asubuhi ya leo, wakati mti ukiwa bado umelala, nimepanda ngazi na kukata vikonyo kumi na viwili vya unene wa penseli kutoka matawi ya mwaka jana, nikavifunga kwa gazeti bichi na mfuko wa plastiki, na sasa vimo ndani ya friji yetu nyumbani, chini ya karoti.

Alhamisi, 6 Februari

Mkutano wa leo ulikuwa mgumu kuliko yote tuliyowahi kufanya. Baadhi ya wanachama, watu wema waliotoa fedha nyingi, walipendekeza nusu ya shamba la nyuma imwagwe kokoto iwe maegesho ya magari 14, kwa hoja kwamba mteja wa mbali asiyepata pa kuegesha harudi mara ya pili. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Baa nyingi za vijijini leo zinaishi kwa chakula kuliko kinywaji, na walaji hawatoki kijijini peke yake.

Nilipopewa nafasi nilisema niliyoyaamini. Nyumba hii haikujengwa peke yake; ilijengwa pamoja na kisima, banda la nguruwe, shinikizo la kukamulia matufaha na shamba hili la nyuma, na mgeni aliyefika kwa farasi alilishwa kilichochimbwa hatua arobaini kutoka mezani. Ukilitoa shamba unabaki na chumba kizuri chenye boriti nyeusi, na vyumba vizuri vyenye boriti nyeusi vilivyofungwa katika kaunti hii ni vingi. Niliwaeleza kihamba cha Wachaga, ambako migomba, kahawa, maharage na miti ya kivuli hukaa katika kipande kimoja nyuma ya nyumba, na mtu akisema nyumba ya fulani hakusudii kuta tu.

Kura zilikuwa 61 kwa 48 kwa upande wa shamba. Kwa maegesho, jirani mfugaji amekubali kutukodisha kona ya malisho yake siku za Jumapili. Siandiki ushindi hapa. Wale 48 ni wenzetu, na wawili kati yao walikuwa wa kwanza kufika na sepetu Jumamosi iliyopita.

Jumapili, 2 Machi

Wiki tatu za kubandua saruji. Zamani kidogo mtu fulani, akidhani anaikinga nyumba na mvua, alipiga lipu ya saruji juu ya kuta zote za upande wa kusini, na kwa miongo kadhaa saruji hiyo imekuwa ikiua polepole alichotaka kukiokoa. Ukuta wa udongo na chokaa hupumua: hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua. Saruji haipumui, lakini hupata nyufa nyembamba; maji huingia kwenye ufa yasipate njia ya kutoka, hukaa nyuma ya lipu na kuyeyusha udongo na kuozesha mwaloni. Kwenye kona ya jikoni nilisukuma bisibisi ndani ya boriti ya chini ikaingia yote hadi kwenye mpini, kana kwamba nimeichoma keki.

Mwashi wetu, mzee wa miaka sabini na kitu ambaye amefanya kazi hii tangu ujana, hakuniruhusu kutumia mashine. Alinipa patasi pana na nyundo ndogo, akasema, "Sikiliza kwanza, kijana. Panapolia kama ngoma pameachana na ukuta, anza hapo." Tulibandua kwa kusikiliza. Chini ya saruji tukakuta chokaa ya zamani yenye nywele za farasi, na chini ya chokaa, ambapo udongo ulikuwa umeporomoka, tukaona mifupa ya ukuta wenyewe: mbao nyembamba za mwaloni zimesimama wima kati ya boriti, na fito za heizeli zimesukwa baina yake kama kikapu. Juu yake kulikandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Katika paneli ya tatu alama za vidole vinne vya aliyekandika zimebaki kwenye udongo, zikishuka kwa mshazari kutoka kulia kwenda kushoto. Niliviweka vidole vyangu humo. Vilienea.

Jioni nilimpigia mama simu ya video nikamwonyesha. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Hiyo nyumba ya nani?" Nikamwambia ni ya Wazungu, ya miaka mia nne. Alikaa kimya akiangalia, kisha akasema, "Mbona ni nyumba ya kukandika? Waambie fito wakate kabla maji hayajapanda, zisije zikaliwa na wadudu." Ndivyo mwashi alivyokuwa amesema wiki moja kabla, na kwa sababu hiyohiyo fito zetu zilikatwa Februari, katika kichaka cha heizeli kilicho umbali wa maili mbili, ambacho hukatwa hadi chini kila baada ya miaka saba au minane kisha huchipuka upya. Tulileta mizigo kumi na minne. Kumi ni ya kuta na minne nimeiomba kwa ajili ya maharage.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimebebesha, yaani nimeviunganisha vikonyo vya Barland na mashina machanga ili viote kuwa miti mipya. Mashina ya mipeasi mitatu tuliyonunua yalikuwa yamefika kutoka kitaluni, unene sawa na vikonyo vyangu. Kila kimoja nilikikata kwa mshazari wa urefu wa inchi mbili hivi, nikakichana ulimi mdogo katikati, nikafanya vivyo hivyo kwenye shina, na nikavisukuma viumane, ganda la kijani likigusana angalau upande mmoja, kwa maana uhai wote wa kazi uko kwenye mstari huo mwembamba chini ya ganda. Kisha utepe, kisha nta. Watoto wawili walinishikia mashina na kuniuliza tutakunywa peri yake lini. Niliwajibu kweli: labda miaka kumi na tano. Herefordshire wana msemo kwamba apandaye peasi amewapandia warithi wake.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu, siku ambayo kwa desturi ya hapa viazi vya kwanza huingia ardhini. Udongo ni mfinyanzi mwekundu, mzito, unaong'ang'ania sepetu, nasi tumeulegeza kwa samadi iliyooza kutoka kwa yule mfugaji jirani. Kitunguu, kabichi, hosiradishi ya mchuzi wa nyama ambayo mizizi yake inawasha pua kama haradali, na tuta refu la rubabu, mmea ambao mabua yake machachu hupikwa kwa sukari, tulilolikuta likiwa hai chini ya magugu. Mipeasi ya mtaa mzima imechanua. Barland wetu umechanua upande mmoja tu, mweupe kabisa.

Jumamosi, 24 Mei

Kazi ya chokaa haifanywi wakati wa baridi, kwani chini ya nyuzi 5 haikauki ipasavyo, na ikipigwa na barafu inamomonyoka kama biskuti. Hivyo tulingoja hadi Mei. Seremala amekwisha kuondoa sehemu iliyooza ya boriti ya chini na kuunganisha kipande kipya cha mwaloni mbichi kwa kiungo na vigingi vinne. Kwa mapenzi yake mwenyewe ameacha kipande hicho bila rangi. Kibali chetu kinaturuhusu kutopaka upya boriti za kusini kwa rangi nyeusi. Ule weusi uliozoeleka kwenye picha za kaunti hii ulienea hasa karne ya 19, na nyumba nyingi za kale awali ziliachwa na rangi ya mwaloni wenyewe, wa kijivu kama fedha iliyochakaa, au zilipakwa chokaa kuta na boriti pamoja.

Kukandika kulituchukua siku sita. Tulimwaga udongo wa shambani juu ya turubai, tukaongeza majani na mavi ya ng'ombe, tukauponda kwa miguu. Wanakijiji ambao sijawahi kuwaona wakiinama walivua viatu. Mtu mmoja husimama ndani na mwingine nje, na wote hurusha bonge la udongo kwa pamoja mahali pamoja, ili mabonge yakutane katikati ya fito na kushikana. Mmoja akichelewa, udongo wa mwenzake unaanguka upande wa pili. Paneli ya tatu tumeijaza pale tu ilipokuwa na tundu. Vile vidole vinne vimebaki vilivyo, na chokaa itapita juu yake kwa wembamba unaoweza kubanduliwa na atakayekuja baadaye.

Fito nyingine nimezisimamisha mbili mbili shambani na kuzifunga juu, urefu wa futi nane, kwa ajili ya maharage ya kupanda.

Jumatano, 18 Juni

Jiko na ghala la bia vimekamilika, na hili la pili nataka kuliandika kwa makini, kwa sababu ndilo lililonishangaza.

Jikoni sisemi mengi. Bomba kubwa la moshi lisingekubaliwa kwenye paa la zamani, kwa hiyo tumefunga majiko ya umeme yanayopasha sufuria yenyewe, ambayo hayatoi moshi wa gesi. Mkaguzi wa usafi atatupa alama kati ya 0 na 5 zitakazobandikwa mlangoni, na kila chakula kitaonyesha kama kina chochote kati ya vitu 14 ambavyo sheria inataka vitajwe kwa ajili ya wenye mzio.

Ghala liko chini ya ardhi, kuta za mawe, na kwa msaada wa kipoozi kidogo linakaa kwenye nyuzi 12. Bia ya pipa ya Kiingereza ni kitu hai: hamira huendelea kufanya kazi ndani ya pipa baada ya kutoka kiwandani, na bia hiyo ingetoweka kama wanywaji wenyewe wasingaliunda chama cha kuitetea mwaka 1971. Pipa dogo hubeba galoni 9, yaani painti 72. Linalazwa kwenye kitanda cha mbao na kutulizwa, kisha kijiti laini cha mti wenye vinyweleo hupigwa kwenye tundu la juu. Gesi hutoka kupitia mti wenyewe na povu huchemka kuzunguka kijiti. Unalifuta, unangoja, unarudi baada ya saa chache, unafuta tena. Povu likitulia kabisa, kijiti laini hutolewa na kigumu kuchukua nafasi yake ili gesi iliyobaki isitoroke. Pipa likishaanza kutolewa, bia yake ni ya siku tatu hivi.

Mbege ni hivyohivyo. Haisubiri, na mpishi wake huhesabu wageni kabla ya kuipika. Hata uchungu una mwenzake: kwetu magome ya msesewe, huku maua ya hopsi, ambayo yaliletwa Uingereza kutoka Flanders katika karne ya 15, na mashamba yake yapo hadi leo dakika kumi kutoka hapa. Msimamizi wetu wa ghala, mama mmoja aliyefanya kazi hiyo kwa miaka ishirini katika mji wa jirani, alinisikiliza nikieleza msesewe hadi mwisho, akaniuliza kama ganda hilo hupikwa pamoja na nafaka au kando. Kando, nilimwambia.

Jumapili, 20 Julai

Tumefungua. Mlo wa kwanza wa Jumapili mchana ulikuwa wa watu 44 katika awamu mbili: nyama ya ng'ombe ya kuoka, ya ng'ombe wekundu wenye uso mweupe ambao jina lao ni la kaunti hii na wamesambaa dunia nzima, mchuzi wake, hosiradishi iliyochimbwa asubuhi, na kile kitumbua kikubwa cha Yorkshire ambacho uji wake wa unga, mayai na maziwa humiminwa kwenye mafuta yanayofuka moshi ili ufure. Viazi ni vyetu. Maharage ni yetu, na mpishi aliyachuma saa tano na nusu, yakachemshwa saa sita na dakika kumi.

Kasoro zilikuwepo. Awamu ya pili ilingoja dakika arobaini kwa sababu tuliwapokea wote kwa saa moja badala ya kuwapishanisha, na mvua fupi iliwafukuza waliokaa chini ya mitufaha wakarudi ndani wakiwa na sahani mikononi. Mzee aliyekuwa akiketi karibu na meko kabla baa haijafungwa alikuja akakuta familia ya wageni mahali pake, akasimama tu akiangalia. Kuanzia Jumapili ijayo kiti hicho hakitauzwa hadi saa nane.

Jumapili, 12 Oktoba

Ukuta wa kusini umekauka. Mwashi ameupima na kuridhika, na sasa umepata mkono wa nne wa chokaa ya maji. Mwanachama mmoja kati ya wale 48 ameomba kusimamia matuta ya mboga za baridi, na tumempa.

Barland ulitoa magunia matano tu. Tuliyasaga, tukayaacha makapi usiku kucha ili ukali upungue, na kesho yake tukakamua. Maji yake yalitoka ya rangi ya shaba, makali, matamu nyuma ya ulimi, na yameingia kwenye pipa moja litakalofunguliwa Mei.

Jumamosi, 29 Novemba

Kati ya vikonyo kumi na viwili nilikuwa na mashina matatu tu ya kuvibebesha, na katika hayo matatu yameshika mawili. Leo nimeyahamisha: moja nimelipanda hatua kumi na mbili kutoka mti mama, jingine kwenye kona ambayo ingekuwa maegesho. Nimechimba shimo pana kuliko refu, nimetandaza mizizi kwa vidole, nimerudisha udongo uleule bila kuutia samadi, na nimeukanyaga taratibu kwa kisigino. Kigingi ni cha fito ya heizeli iliyobaki kutoka ukutani. Waya wa kuzuia sungura umefungwa, na mchana huu yule mzee wa karibu na meko ametoka nje na bakora yake, akautikisa mti kidogo kuona kama umesimama imara, akarudi ndani.